Njaa ya Ayalandi na Dhamana ya Watawala

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kasansa, Mpimbwe)



Nimeagizwa na halmashauri ya chama chetu niseme maneno machache jioni hii. Naishukuru sana heshima hiyo, ingawa najua ya kuwa wamo humu wazee walionizidi kwa umri na kwa maarifa. Mahali nitakapokosea naomba mnisahihishe bila kunionea haya, maana hotuba si hukumu.

Maneno yangu yametoka katika mabishano. Siku moja baada ya kazi tulikuwa tumeketi tukizungumza habari za mvua. Ndugu mmoja akasema ya kuwa njaa ni amri ya Mungu, na mvua isiponyesha Serikali haina kosa. Mwenzake akamjibu kwa ukali ya kuwa sivyo, kila njaa iliyopata nchi hii wakati wa ukoloni ililetwa na wakoloni wenyewe. Kila mmoja alishika lake mpaka tukaagana. Mimi nilikwenda kulala nikiona ya kuwa wote wawili wamesema nusu ya neno. Ndipo nilipokumbuka habari za watu wa Ayalandi, nikaona zafaa kuwa kipimo, kwa kuwa wao walikuwa Wazungu chini ya Wazungu, na hapo rangi ya ngozi haiwezi kutuchanganya katika kuamua.

Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Tangu mwaka 1801 kilitawaliwa na Bunge moja na Uingereza, huko London, na wajumbe wake wapata mia moja walikaa katika Bunge hilo. Maskini wa nchi ile walikuwa wapangaji katika ardhi ya mabwana. Nafaka waliyoilima na nguruwe waliyemfuga vilikuwa vya kulipia kodi ya shamba. Chakula chao wenyewe kilikuwa viazi. Watu wapata milioni tatu walitegemea viazi karibu peke yake, na mwanamume wa kazi aliweza kula ratili 12 hata 14 kwa siku moja. Mwezi wa Septemba 1845 ukaonekana ugonjwa wa ukungu ulioozesha viazi ardhini. Mwaka ule sehemu tu ya mavuno iliharibika. Mwaka 1846 karibu yote yaliharibika. Mwaka 1847 ugonjwa ulipungua, lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kuliwa. Na mwaka 1848 ugonjwa ukarudi tena.

Basi hapo ndugu yetu wa kwanza ana haki. Ugonjwa ule haukutumwa na mfalme wala waziri. Uliharibu viazi vya Ubelgiji na vya Uholanzi na vya Scotland vilevile. Lakini hakuna nchi nyingine iliyopotewa na watu kama Ayalandi. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha watu zaidi ya milioni nane. Ya mwaka 1851 ilionyesha milioni sita na nusu. Wapata milioni moja walikufa kwa njaa na kwa maradhi yafuatanayo na njaa, na zaidi ya milioni moja walipanda merikebu wakahama. Kwa hiyo yatupasa kuuliza, baada ya ugonjwa kuja, ni nini kilichofanywa na kilichoachwa?

Waziri Mkuu wa kwanza, Sir Robert Peel, alinunua kwa siri mahindi ya Marekani ya pauni 100,000. Sisi tunaokula ugali tutacheka kidogo tukisikia ya kuwa watu wale hawakujua kuyapika. Yalikuwa mahindi magumu, hayakusagwa vema, yakawaumiza matumbo. Hata hivyo mwaka ule wa kwanza ni wachache waliokufa kwa njaa. Katikati ya mwaka 1846 Serikali ikabadilika, akaja Lord John Russell. Yeye na wenzake waliamini ya kuwa Serikali isiingilie biashara ya chakula, bali watu wapewe kazi za barabara ili wapate fedha za kununua. Mwezi wa Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika kazi hizo, wakivunja mawe katika baridi, na ujira wao haukufikia bei ya unga. Ndipo Serikali ilipoona kosa lake ikafungua majiko ya supu. Mwezi wa Julai 1847 watu wapata milioni tatu walikuwa wakila kila siku katika majiko hayo. Tazameni, waungwana: jambo hili laonyesha ya kuwa Serikali iliweza kulisha watu. Chombo kilikuwapo, na kilifanya kazi. Lakini kabla ya mwaka kwisha majiko yakafungwa, na mzigo wote ukatupwa juu ya kodi za Ayalandi yenyewe, nchi iliyokuwa imekwisha kufilisika.

Katika sheria ya mwaka 1847 likatiwa sharti moja ambalo sitalisahau. Mtu mwenye shamba lililozidi robo eka hatapewa msaada mpaka aliachilie shamba lake. Baba akawa na njia mbili: ashike ardhi watoto wafe, ama aiache apate chakula cha leo asiwe na kesho. Sisi tuliofundishwa Maandiko katika shule za misheni twampenda Yusufu kwa ghala zake za miaka saba. Lakini mara chache twasoma habari zinazofuata katika kitabu cha Mwanzo, jinsi watu wa Misri walivyotoa kwanza fedha, kisha mifugo, kisha mashamba yao, mwisho miili yao wenyewe, ili wapate chakula kile kile walichokilima. Ghala lililojaa ni jambo jema, bali yatupasa kuuliza mwenye njaa ataombwa nini mlangoni.

Tena husemwa ya kuwa chakula kilitolewa Ayalandi watu wakifa. Ni kweli. Shayiri, siagi na ng'ombe vilipakiwa bandarini kwenda Uingereza. Mtetezi wa Serikali hujibu ya kuwa katika mwaka 1847 nafaka iliyoingia ilizidi sana iliyotoka, na hilo nalo ni kweli. Lakini nafaka iliyotoka iliondoka kabla ya ile iliyoingia haijafika, na katikati ya merikebu hizo mbili ndipo palipochimbwa makaburi. Sisemi ya kuwa kufunga mipaka ni dawa rahisi. Wenyeji wa mkoa huu wakumbuka mwaka 1917? La, wakumbuka mwaka 2017, Serikali yetu ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi: bei ikaanguka, na mkulima aliyevuna vizuri akaumia. Mlaji na mlimaji hawalii siku moja. Nasema tu ya kuwa mtawala hawezi kujificha nyuma ya soko, kwa sababu kuliacha soko lifanye litakalo ni uamuzi kama uamuzi mwingine.

Na fedha je? Hazina ya London ilitoa wapata pauni milioni nane kwa ajili ya njaa ile, na sehemu kubwa ilitolewa kuwa mkopo. Serikali hiyo hiyo, ilipokomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ilikubali kulipa pauni milioni 20. Nao hawakulipwa watumwa, walilipwa mabwana zao. Haikuwa nchi isiyo na uwezo.

Sasa naomba mnisikilize hasa, kwa sababu nafikia neno lituhusulo sisi watu wa kalamu. Mtu aliyeshika mambo ya njaa ile katika Hazina hakuwa waziri. Alikuwa mtumishi wa Serikali kama sisi, jina lake Charles Trevelyan. Mawaziri walibadilika, yeye alibaki mezani pake. Alikuwa hodari, mwaminifu, asiyekula rushwa, mwenye kukesha juu ya barua zake. Lakini aliamini ya kuwa njaa ile ni mkono wa Mungu unaotengeneza nchi iliyoharibika, na ya kuwa msaada ukizidi utawazoeza watu uvivu. Mwanzo wa mwaka 1848 alichapisha maandiko yaliyoieleza njaa kana kwamba imekwisha, na mwaka ule ule akapewa nishani na jina la heshima la Sir. Watu waliendelea kufa kwa miaka mingine minne. Ni Trevelyan huyo huyo, pamoja na Sir Stafford Northcote, aliyeandika ripoti ya mwaka 1854 iliyoanzisha desturi ya kuwachagua watumishi wa Serikali kwa mtihani badala ya upendeleo. Basi sisi sote tuliopata kazi kwa mtihani tu wajukuu wa ripoti yake. Mtu asidhani ya kuwa uhodari wa kazi peke yake humwepusha mtu na hatia.

Tena msimtetee kwa kusema ya kuwa mtumishi hana budi kunyamaza. Mwaka 1860, alipokuwa Gavana wa Madras huko Bara Hindi, Trevelyan aliipinga kodi mpya hadharani hata akaitwa arudi nyumbani. Alijua kupaza sauti alipotaka.

Palikuwa na mtumishi mwingine, Edward Twisleton, aliyekuwa mkuu wa mambo ya msaada wa maskini katika Ayalandi. Huyu aliandika barua baada ya barua akitaka fedha, akaeleza ya kuwa kiasi kidogo tu kingetosha kuwazuia watu wasife. Alipoona hasikilizwi, mwaka 1849 alijiuzulu, kwa kuwa hakuweza tena kukubali kuwa mkono wa mpango ule. Jina la Trevelyan lajulikana mpaka leo, na la Twisleton halijulikani sana. Lakini kama ningetakiwa kuchagua barua zipi ziwekwe katika jalada langu siku ya mwisho, najua ningechagua zipi.

Waungwana, turudi kwetu. Mtu aliye Kasansa akitazama mpunga na mahindi ya bonde hili la Rukwa aweza kudhani habari hizi hazimgusi. Lakini nchi yetu imepata njaa mbili kubwa zifaazo kupimwa kwa kipimo kile.

Ya kwanza ni njaa iliyofuata vita vya Majimaji. Vita vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi. Wadachi walipoona ya kuwa bunduki hazimalizi kazi, waliteketeza vijiji, mashamba na ghala, hata mbegu. Palikuwa na ofisa wao aliyeandika waziwazi ya kuwa njaa ndiyo itakayowatiisha watu kabisa. Wadachi wenyewe walihesabu waliokufa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si na risasi. Hapa hatuna mabishano. Mvua ilikuwa haina kosa. Njaa hiyo ilikusudiwa, na ndugu yetu wa pili ana haki.

Ya pili ni ile ambayo Wagogo huiita Mtunya, maana yake kugombea na kunyang'anyana. Ugogo ni nchi kame, na wenyewe huzikumbuka njaa zao kwa majina. Ng'ombe ndiyo akiba ya Mgogo: mtama ukikosekana, ng'ombe hubadilishwa kwa nafaka ya jirani. Vita vya 1914 vilipokuja, askari wa Wadachi walichukua ng'ombe na nafaka. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Dodoma, nao wakachukua ng'ombe na nafaka, tena wakachukua wanaume kuwa wapagazi. Katika vita vile Waingereza walitumia wapagazi wapata milioni moja katika Afrika Mashariki, na waliokufa kwa hesabu iliyoandikwa ni karibu 100,000. Basi mvua zilipokosekana, zilikuta nchi haina akiba, haina mifugo, na jembe halina mwenyewe. Juu ya hayo, mwaka 1918 ikaja homa kuu ya mafua. Chakula cha msaada kililetwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa. Ilipokoma mwaka 1920, ilikadiriwa ya kuwa katika watu 150,000 wa wilaya ile, 30,000 walikuwa wamekufa. Yaani mtu mmoja katika kila watano.

Ni nani aliyeikusudia Mtunya? Sidhani yuko. Hakuna aliyeandika ya kuwa Wagogo wafe. Na kuhusu Ayalandi vilevile, wanahistoria wengi hawakubali ya kuwa palikuwa na shauri la kuwaua watu. Lakini mtu aliyekuvunjia ukuta wa ghala jana hawezi kusema leo ya kuwa panya ndio waliokula mtama. Bengali katika mwaka 1943 ilikuwa vivyo hivyo. Serikali ya Waingereza iliondoa mashua na mchele wa pwani kwa kuwaogopa Wajapani, bei zikapanda, na watu wapata milioni tatu wakafa katika mwaka ambao nchi haikukosa mvua.

Kwa hiyo mimi nagawanya dhamana ya mtawala katika mafungu matatu. Yuko aletaye njaa kwa kusudi, kama katika Majimaji. Yuko avunjaye akiba za watu kwa haja zake mwenyewe, kama katika Mtunya. Na yuko aonaye, mwenye uwezo, akaacha, kama London katika Ayalandi. Makosa hayo hayalingani, na mtu mwenye haki hataweka watatu wote katika kamba moja. Lakini hakuna hata mmoja kati yao awezaye kusimama akasema, "Ni mvua."

Wala tusijipendelee. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1973 hata 1976, Serikali yetu wenyewe iliwahamisha mamilioni ya watu kuingia vijijini, wengine wakayaacha mashamba yao, na wakati ule ule mvua zilikuwa chache. Ghala zikawa tupu. Lakini Serikali ilinunua nafaka nyingi sana ng'ambo kwa fedha za shida, na nchi haikupata Mtunya ya pili. Katika jambo hilo moja twaona kosa na malipo ya kosa pamoja. Sheria ya kupima ni moja kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Mwaka 1997 barua ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, ilisomwa mbele ya mkutano katika nchi ya Ayalandi, ikikiri ya kuwa waliotawala London wakati ule waliwaacha watu wao. Wengi walifurahi. Mwaka 2021 makaratasi ya Serikali yalipofunguliwa, ikaonekana ya kuwa barua ile iliandikwa na watumishi wa ofisi yake, kwa kuwa yeye hakupatikana kwa wakati. Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri ya kuwa kosa la mwaka 1847 lilipita katika kalamu ya karani, na maungamo yake, miaka 150 baadaye, yalipita katika kalamu ya karani.

Hapa naomba ruhusa niseme habari yangu, nami naisema kwa aibu. Nilipokuwa kijana kazini, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilipewa kazi ya kujaza taarifa ya hali ya chakula. Ulikuwa mwaka wa mvua chache. Nilikuwa nimepita vijijini kwa baiskeli, nimeona wanawake wakirudi porini na mizizi, na vihenge vilivyofagiliwa. Nikaambiwa ya kuwa taarifa mbaya huleta maswali mengi. Nikaandika "Ya kuridhisha." Neno hilo lilinichukua nusu dakika. Chakula cha msaada kilikuja mwishowe, kwa kuwa wengine walipiga kelele, lakini kilichelewa, na katika kijiji kimoja nilichokipita nilisikia baadaye habari za mzee mmoja na watoto wawili. Siwezi kusema ya kuwa wangepona kama ningeandika kweli. Nasema tu ya kuwa kweli haikuwamo katika jalada, na aliyeiacha nje ni mimi. Sikuwa Mdachi, wala sikuwa Mwingereza.

Tukumbuke, ndugu zangu, ya kuwa orodha za ng'ombe na wapagazi hazikuandikwa na Wazungu peke yao. Palikuwa na maakida na makarani, watu wa rangi yetu, wenye mwandiko mzuri.

Basi nina maombi matatu mbele ya chama. Kwanza, kila mwanachama ambaye kazi yake yagusa taarifa za chakula, awe bwana shamba au mtendaji wa kata au wa kijiji, aandike hesabu aliyoiona kwa macho, si neno la kupendeza: vihenge vingapi, debe ngapi, nyumba ngapi hazipiki mara mbili kwa siku. Pili, akilazimishwa kuandika uongo, aweke nakala ya hesabu ya kweli, alete habari kwa halmashauri ya chama, nasi tusimwache peke yake. Tatu, wazee wa Mpimbwe waliosikia kwa baba zao majina ya njaa za zamani waulizwe, na majina hayo yaandikwe katika gazeti letu hili kabla hayajazikwa nao.

Ndugu aliyesema njaa ni ya Mungu, nakubali ya kuwa mawingu si yetu. Ndugu aliyesema ni ya wakoloni, nakubali ya kuwa yapo makaburi yenye anwani. Lakini kati ya wingu na kaburi kuna ghala, barabara, bei, sheria na taarifa. Na vitu hivyo vyote vina mtu aliyeketi mezani akishika kalamu.

 Sasa Bwana Mwenyekiti atawaruhusu wenye maswali, nami nitajibu niyawezayo.